Maabara tatu, majibu matatu: je, nina homa ya ini C au sina?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 31, naishi Likoni, Mombasa. Mume wangu alipunguzwa kazi mwaka jana na tangu hapo tunaishi kwa vibarua vyake na mahamri ninayouza asubuhi. Kwa hiyo nilipopata wakala wa kunipeleka Saudi Arabia kufanya kazi ya nyumbani, tulikaa kama familia tukakubaliana niende miaka miwili, mtoto abaki na bibi yake.

Pasipoti nikapata, kozi ya kazi za nyumbani nikamaliza, mambo yote yakaenda sawa mpaka kwenye vipimo vya afya. Kituo nilichopelekwa na wakala walinitoa damu na mkojo, wakanipiga eksirei ya kifua. Siku ya majibu aliyenipigia simu si kituo, ni wakala. Akaniambia, "Mama, umeanguka. Una hepatitis C." Nikamuuliza ni nini hiyo. Akasema ni ugonjwa wa ini, unaambukiza, na hauna dawa.

Nilifuata karatasi yangu mwenyewe. Imeandikwa "Anti-HCV: Reactive" na chini yake mhuri wa "Unfit". Sikulala usiku ule. Kesho yake nikaenda hospitali ya serikali, wakanidunga kidole na kutumia kile kipimo cha plastiki kinachofanana na cha mimba. Mhudumu akaniambia sina kitu. Nilimpelekea wakala ile karatasi kwa furaha, akaitupia macho tu akasema haina kazi. Nikakopa pesa nikaenda maabara ya kibinafsi mjini, huko wakanitoa damu ya mkono. Jibu likatoka "Reactive" tena, na pembeni pameandikwa 1.6. Aliyenipa karatasi akanieleza kuwa hiyo 1.6 maana yake virusi bado ni vichache, niwahi kabla havijaongezeka.

Sasa niamini lipi? Mimi siumwi popote. Sijawahi kuwa na macho ya manjano. Lakini nilipojifungua miaka minne iliyopita kwa upasuaji niliongezewa damu. Utotoni nilichanjwa chale kwa marehemu nyanya yangu, na juzijuzi nilipigwa hijama kwa maumivu ya mgongo. Naogopa labda nilipata huko, na labda nimempa mtoto.

Nyumbani kumeharibika. Mume wangu hasemi neno, lakini amehamia kulala sebuleni. Mavyaa amenitengea kikombe na sahani. Jirani ananiuzia dawa ya mitishamba ya kusafisha ini, anasema mwezi mmoja tu majibu yatabadilika. Na wakala ameniwekea mambo mawili: ama nimpe elfu 15 anitafutie "jibu safi" kituo kingine, ambako damu itatolewa na msichana mwingine kwa jina langu, ama nimrudishie elfu 60 alizotumia kwangu ndipo anipe pasipoti yangu.

Daktari, nisaidie. Sijui nianzie wapi.

Mama aliyechoka, Likoni

—

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nianze na jambo ambalo ungepaswa kuambiwa siku ya kwanza kabisa: mpaka leo hakuna mtu aliyepima kama una kirusi cha homa ya ini C. Maabara zote tatu zilitafuta kingamwili tu, yaani zile chembechembe ambazo mwili hutengeneza unapopambana na kirusi. Sufuria ikinuka samaki haina maana kwamba samaki bado yumo ndani. Mtu anaweza kuambukizwa, mwili wake ukakitoa kirusi wenyewe bila dawa, na kingamwili zikabaki kwenye damu miaka mingi, hata maisha yote. Hilo si jambo la ajabu: kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu kama 3 kati ya kila 10 wanaoambukizwa homa ya ini C hupona wenyewe ndani ya miezi 6. Na mtu mwingine anaweza kuwa hajakutana na kirusi hicho hata siku moja, ila damu yake ina kingamwili za maradhi mengine zinazokichanganya kipimo.

Ndiyo maana neno "Reactive" halitoshi kumwambia mtu ana ugonjwa. Kwa utaratibu wa kitabibu unaofuatwa duniani, hilo ni jibu la hatua ya kwanza, na hatua ya pili ni lazima. Wakala wako alikata njia katikati akakusomea hukumu, tena kwa simu. Limeniuma, kwa sababu si wewe wa kwanza kutendewa hivyo.

Tuziangalie karatasi zako moja moja.

Ya kwanza na ya tatu zinaonekana kukubaliana, lakini usizihesabu kama mashahidi wawili. Ikiwa damu yako ina kitu kinachokibabaisha kipimo cha kingamwili, kitakibabaisha na kingine cha aina hiyohiyo, hata ukizunguka Mombasa nzima. Ile 1.6 nayo umeelezwa vibaya. Haihesabu virusi hata kidogo. Mashine hulinganisha mwanga au rangi iliyotoka kwenye damu yako na kiwango cha mpaka ambacho mtengenezaji amekiweka. Ulinganisho huo ndio hutoa nambari: ikiwa chini ya 1, jibu ni hasi. Ikifika 1 au kupita, mashine inaandika "Reactive". Wewe umepita mpaka kwa kidogo sana. Watu wenye maambukizi ya kweli ya muda mrefu kwa kawaida hutoa nambari kubwa kuliko hiyo kwa mbali, na kadiri nambari inavyokaribia 1 ndivyo uwezekano wa jibu la uongo unavyozidi. Siwezi kukuapia kwamba huna ugonjwa kwa kutazama nambari tu, lakini nikiiona 1.6 jambo la kwanza linalonijia akilini ni kuthibitisha, wala si kumtisha mtu.

Karatasi ya pili, ya kudungwa kidole, ilisema huna. Kipimo kile ni kizuri, ila mara nyingine huziacha kingamwili zilizo dhaifu ambazo mashine kubwa huzinasa. Na kina mambo yake ambayo ni vyema uyajue ukikiona tena. Kwenye kile kiplastiki kuna herufi C na herufi T. Mstari wa kwenye C si wa hepatitis C, ni wa kuonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi. Nimewahi kumkuta mtu analia nje ya maabara kwa sababu ya mstari huo. Unaoangaliwa ni wa kwenye T, na huangaliwa ndani ya dakika zilizoandikwa na mtengenezaji. Kikiachwa mezani muda mrefu, mstari hafifu unaojitokeza baadaye hauhesabiwi.

Kwa nini kipimo kizuri kimtie mtu asiye na ugonjwa kwenye orodha ya wagonjwa? Nikupe mfano wa hesabu. Nambari hizi ni za kuelezea tu. Tuseme watu 1,000 wanapimwa kabla ya kusafiri, na 5 kati yao wana homa ya ini C kweli. Kipimo kinatoa jibu sahihi kwa watu 99 katika kila 100 wasio na ugonjwa, ambayo ni kazi nzuri sana. Lakini wasio na ugonjwa pale ni 995, na kile kimoja katika mia kinachokosewa kinafika watu kama 10. Mwisho wa siku kituo kitatoa karatasi 15 za "Reactive", 5 za wagonjwa na 10 za watu wasio na chochote. Ugonjwa ukiwa adimu mahali, majibu ya uongo yanaweza kuyazidi ya kweli bila mtu yeyote maabara kufanya uzembe.

Hata pale ugonjwa ulipoenea sana hatua ya pili haikurukwa. Misri ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumizwa zaidi na homa ya ini C, kwa sehemu kubwa kutokana na sindano za kutibu kichocho zilizotumiwa kwa mtu zaidi ya mmoja miaka ya nyuma. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 serikali yao ilipima karibu watu milioni 50 kwa kipimo cha kidole. Waliokutwa na kingamwili walipelekwa kupimwa kirusi, na takriban robo ya waliopimwa hivyo hawakuwa nacho. Waliokuwa nacho walitibiwa kwa gharama ya serikali. Hawakuambiwa tu "umeanguka" wakaachwa mlangoni.

Basi kipimo unachokihitaji wewe ni kimoja. Kinaitwa HCV RNA, wengine husema PCR ya hepatitis C, na kazi yake ni kukitafuta kirusi chenyewe ndani ya damu. Usirudie kingine chochote cha kingamwili kabla ya hicho. Pesa uliyokopa ingefaa ianzie hapo. Piga simu maabara kubwa mbili tatu uulize bei, maana hutofautiana, na uulize pia hospitali ya rufaa. Mashine za GeneXpert ambazo hospitali zetu nyingi zinazo kwa ajili ya kifua kikuu zinaweza kupima kirusi hiki vilevile, mradi wawe na katriji zake. Jieleze hivi: "Anti-HCV yangu imetoka reactive, nahitaji HCV RNA ya kuthibitisha." Nenda na kitambulisho au nakala ya pasipoti, na kabla hujaondoka hakikisha jina lako limeandikwa kwenye chupa ya damu mbele ya macho yako. Sampuli kubadilishana si jambo la kila siku, lakini hutokea mahali panapopima watu wengi asubuhi moja, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoiamini karatasi ya kwanza peke yake.

Ukiwa huko, omba wakupime na utendaji wa ini. Na kituo cha kwanza kikupe majibu yako yote, maana katika vipimo vya safari ya Ghuba huwamo pia homa ya ini B na virusi vya Ukimwi, na una haki ya kujua damu yako ilisema nini. Kama B iko hasi, chanjwa. Watoto wa Kenya walianza kupewa chanjo ya homa ya ini B mwaka 2001, kwa hiyo wewe uliyezaliwa kabla ya hapo huenda hukuipata. Ni sindano tatu ndani ya miezi 6. Homa ya ini C haina chanjo.

RNA ikirudi "not detected", huna homa ya ini C. Si "kidogo", si "imelala". Huna. Ama uliipata zamani ukapona, ama hukuipata kamwe, na kwa afya yako tofauti ya hayo mawili ni ndogo. Nitataka urudie mara moja tu zaidi, kwa sababu ya ile hijama uliyopigwa juzijuzi. Kirusi huonekana kwenye RNA wiki 1 hadi 2 baada ya kuingia mwilini, ilhali kingamwili huchukua wiki 8 hadi 11. Kama ulipigwa hijama ndani ya miezi 6 iliyopita na hujui vifaa vilikuwaje, pima tena miezi 6 ikishatimia tangu siku ile, uwe na amani kabisa.

RNA ikirudi na kirusi, sikiliza vizuri: kuna dawa, na inaponya. Kirusi hiki kiligunduliwa mwaka 1989, na waliofanya kazi ya kukitambua, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Zamani wagonjwa walidungwa sindano za interferoni kwa karibu mwaka mzima, wakateseka, na wengi hawakupona. Siku hizi ni vidonge, kwa kawaida sofosbuvir pamoja na daclatasvir, unameza kila siku kwa wiki 12, na zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanapona. Daktari wa ini hospitali ya rufaa atakupangia. Yule aliyekuambia hauna dawa hajui anachokizungumza. Na kutoumwa kwako popote kusikufanye uiache, kwa maana kirusi hiki hukaa kimya miaka mingi huku ini likijaa makovu taratibu.

Kuhusu mitishamba ya jirani, usinywe. Hakuna mtishamba unaojulikana kukiondoa kirusi hiki, na baadhi ya dawa hizo zinaliumiza ini lenyewe. Tena ukienda kupima ini ukiwa umezinywa, majibu yatavurugika na hatutajua kilichofanya nini.

Sasa nije kwenye safari, na hapa lazima nikwambie ukweli ambao hutaupenda. Jibu la RNA litakuambia wewe kama u mzima. Halikuhakikishii Saudi Arabia. Taratibu za vipimo kwa wafanyakazi wanaokwenda nchi za Ghuba huangalia kingamwili, na majibu huingizwa kwenye mfumo mmoja wa vituo vilivyoidhinishwa, ule uliokuwa ukiitwa GAMCA na sasa unaitwa Wafid. Anayeonekana "Reactive" anaweza kukataliwa hata kama hana kirusi, hata kama ametibiwa akapona, kwa kuwa kingamwili haziondoki kwa kutibiwa. Naliona jambo hili ni dhuluma. Mtu asiye na kirusi hawezi kumwambukiza mtu yeyote, na kumzuia kazi kwa sababu ya kingamwili hakumlindi mtoto wala mzee wa nyumba ile. Nchi nyingine zina masharti tofauti kabisa. Uingereza, kwa mfano, humtaka Mkenya anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6 apimwe kifua kikuu, basi. Kwa hiyo ukikataliwa, jua umekataliwa na kanuni ya nchi moja, na afya yako ni habari nyingine.

Hata hivyo usikate tamaa kabla ya kujaribu njia ya halali. Peleka jibu la RNA pamoja na barua ya daktari kwenye kituo kilekile cha kwanza, uombe kwa maandishi wakutoe damu upya na waeleze ni kipimo gani walichotumia na nambari iliyotoka. Kwa kiwango cha chini kama cha kwako, kipimo cha kampuni nyingine kinaweza kutoka hasi. Wakikubali, vizuri. Wakikataa, usihangaike kituo hadi kituo ukikopa. Pesa hizo ni za mahamri na za mtoto.

Ile njia ya elfu 15 usiiguse. Ukifika kule utapimwa tena kabla ya kupewa kibali cha kuishi, na safari hii hapatakuwa na msichana wa kutoa damu kwa jina lako. Utarudishwa nyumbani na deni, na jina lako litakuwa limeingia kwenye udanganyifu ambao wewe ndiye utakayeulizwa, si yeye. Fikiria pia huyo msichana. Karatasi ile itabeba afya yake. Ukiugua kule, daktari atasoma habari za mtu mwingine.

Nyumbani sasa. Mwambie mavyaa kwa heshima, ukiweza mbele ya mumeo, kwamba homa ya ini C hupita kwenye damu. Haipiti kwenye kikombe, sahani, chakula, kukumbatiana, wala choo. Kikombe kilichotengwa hakimkingi mtu, kinakuumiza wewe tu. Vinavyostahili kutengwa ni mswaki, wembe, kikata kucha, chochote kinachoweza kugusa damu, na vitu hivyo kila mtu anapaswa kuwa na vyake hata nyumba ikiwa haina mgonjwa. Bado unaweza kumpikia mtoto, kumwogesha na kulala naye. Mpaka RNA itoke, kitu ninachokukataza ni kuchangia damu.

Mumeo, nadhani, anajiuliza swali ambalo hajalitamka: ameitoa wapi? Mjibu kabla hajauliza. Kati ya mke na mume ugonjwa huu ni nadra kupita kwa tendo la ndoa, na kuwa nao si ushahidi wa uzinzi. Njia zake kubwa ni sindano na vifaa vilivyotumika kwa mtu mwingine bila kusafishwa ipasavyo. Chale zilizochanjwa kwa wembe mmoja wa watoto wengi zimo. Hijama imo, ikiwa nyembe na vikombe havikuwa vipya au havikutakaswa. Ukienda tena, fungua pakiti ya wembe kwa mkono wako mwenyewe. Kuongezewa damu kunawezekana pia, ingawa damu ya hospitali hapa kwetu hupimwa homa ya ini B na C, Ukimwi na kaswende kabla ya kutolewa, kwa hiyo usijilaumu kwa upasuaji uliokuokoa wewe na mwanao. Mwambie mumeo mwende pamoja kuchukua jibu la RNA, alisikie kinywani mwa daktari badala ya kulisikia kwako au kwa wakala. Kama kirusi kipo, naye atapimwa siku hiyohiyo.

Mtoto usimtoboe bure kwa sasa. Mama asipokuwa na kirusi hana cha kumpa. RNA yako ikiwa na kirusi, ndipo umpeleke apimwe, na hata hapo ujue kwamba watoto wanaoambukizwa na mama ni kama 5 au 6 kati ya 100, na wengi wao hupona au hutibika.

Limebaki la pasipoti. Pasipoti ya Kenya ni mali ya Serikali, imekabidhiwa wewe, na haiwekwi rehani kwa deni la wakala. Mwandikie ujumbe wa simu, si maneno ya mdomo, umwombe akurudishie na akutajie siku. Katika ujumbe huohuo mwambie aorodheshe hizo elfu 60 alizitumia wapi, na risiti zake. Wafanyakazi wa nyumbani wanaokwenda Saudi Arabia kupitia Musaned, yaani mfumo wa nchi hiyo wa kuajiri wafanyakazi wa nyumbani, gharama za kuwapeleka kwa kawaida hubebwa na mwajiri wa kule, kwa hiyo nina shaka kubwa na hesabu yake. Uliza pia mkataba wako: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uidhinishwe na afisa wa kazi, na kama hakuna mkataba wa namna hiyo, huyu hakuwa anakupeleka kihalali toka mwanzo. Angalia kama jina la ofisi yake limo kwenye orodha ya mawakala walioidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Limo au halimo, akikataa kukurudishia pasipoti chukua ujumbe wake na ule wa "jibu safi" uende nao ofisi ya kazi ya kaunti, kisha polisi. Usiende peke yako, nenda na mumeo. Na usimpe hata shilingi moja kabla ya hapo.